Silinda Namba Nne

Dalali alilizunguka gari mara mbili, akagonga tairi la mbele kwa ncha ya kiatu, kisha akaniambia niwashe. Nikawasha. Injini ilishika mara moja, ikanguruma, halafu ukaanza ule mtikisiko ambao nilikuwa nimeshauzoea: usukani unatetemeka, kioo cha kati kinacheza, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka bila mtu kugusa pedali. Alisikiliza kwa sekunde tano tu.

"Inamisi," akasema. "Haikai sailensi. Hivi ilivyo ni milioni sita, tena ukipata mtu mwenye roho nzuri. Weka plagi mpya, ipige maji, Jumamosi nakuletea mteja wa milioni tisa."

Milioni tatu kwa sababu ya plagi nne. Ninasoma uzamili wa uchumi, mwaka wa pili, na sijakutana na uwekezaji wenye faida ya namna hiyo katika kitabu chochote.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, rangi ya bluu, gia za mkono, injini ya lita mbili yenye tabo. Kwenye makaratasi ya Japani lilitoka kiwandani na nguvu farasi 250. Siku dalali alipokuja lilikuwa limetembea kilomita 238,000. Watoto wa mtaani kwetu Tabata wanaliita Ngurumo kwa ajili ya mlio wake. Pistoni zake hazikusimama kama za magari mengi, zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na mabomba ya ekzosi ya pande hizo mbili hayalingani urefu, kwa hiyo moshi haufiki kwenye tabo kwa zamu zilizo sawa. Kosa hilo dogo la mpangilio ndilo linalowafanya vijana wa mjini wageuze shingo.

Si langu. Ni la kaka yangu, aliyeondoka Februari ya mwaka jana kwenda Muscat kufunga na kutengeneza viyoyozi. Aliondoka kwa mkopo, na yule aliyemkopesha bado anamdai milioni tano na nusu. Mimi nadaiwa ada milioni mbili na laki nne, na bila kuilipa siwezi kusajiliwa kwa muhula wa mwisho. Kaka alinitumia ujumbe wa sauti usiku mmoja, nyuma yake feni za mtu mwingine zikivuma: "Liuze, mdogo wangu. Toa ada yako kwanza. Kitakachobaki nitumie nimalize deni, nirudi nyumbani."

Kwa hiyo nikaenda kutafuta plagi.

Nilikuwa nadhani plagi ni plagi. Kariakoo, upande wa Gerezani, muuzaji wa duka la kwanza aliniuliza, "Za kawaida, platinamu au iridiamu?" kama mtu anayeuliza chai ya rangi au ya maziwa. Nikamwomba dakika tano, nikasimama kibarazani kusoma kwenye simu huku wabeba mizigo wakinipigia kelele nipishe njia.

Tofauti iko kwenye ncha, pale cheche inaporukia. Zile wanazoziita za shaba, ncha yake si shaba. Ni aloi ya nikeli, shaba imo ndani kwa ajili ya kupitisha joto. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, iridiamu 2,446. Madini yanayostahimili hivyo yanaweza kuchongwa yakawa membamba sana, milimita 0.6 au hata 0.4, na umeme hupenda kurukia kwenye ncha nyembamba. Plagi ya iridiamu inaweza kutembea kilomita 100,000. Ya nikeli, ukifika 20,000 au 30,000 unaanza kuihesabia siku, na kwenye injini yenye tabo unaihesabia mapema zaidi.

Kitabu cha gari kinataka platinamu, NGK PFR6G. Duka la kwanza walitaka 45,000 kwa moja. Laki na themanini kwa nne. Nikashukuru, nikatembea. Duka la tatu, kijana mmoja akanitolea boksi nne za iridiamu, 15,000 kila moja. Nilijiona mjanja. Nilipunguziwa bei hata bila kuomba, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa uchumi lilipaswa kuwa dalili ya kutosha.

Fundi wetu anafanyia kazi chini ya mwarobaini, nyuma ya sheli. Ni mzee, na kaka alikuwa akimpelekea Ngurumo miaka yote. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akapokea boksi mkononi mwangu. Hakuifungua kwanza. Aliitazama maandishi yake kwa muda, kisha akatoa plagi, akashika ile pete ya chini, gasketi, akaivuta. Ikateleza kwenye uzi, ikadondoka chini kwenye vumbi.

"Ya kweli haivuki hivi," akasema. Akanipa simu yake, akaniambia nipige picha ya ncha, niikuze. Ncha ilikuwa nene kama ya nikeli, imepakwa weupe. Ya pili, pengo lake lilikuwa limeegemea upande mmoja. "Umelipa ngapi?"

"Elfu sitini zote."

"Basi umenunua boksi nzuri sana."

Vijana wake wawili wakacheka, na mimi nikacheka, maana hakukuwa na namna nyingine. Nilirudi kesho yake duka lile na risiti. Waliniambia bidhaa ya umeme ikishauzwa hairudishwi.

Kabla hujanunua nyingine, fundi alisema, tuzitoe zilizomo tuone zinasema nini.

Sikujua kwamba plagi hutolewa ili zisomwe. Na kwenye gari hili kuzitoa si kazi ya kusimama na kuinama mara moja. Kwa kuwa silinda zimelala, plagi ziko ubavuni, zimetazama chesisi, na nafasi iliyobaki inatosha mkono wa mtoto. Upande wa kulia unatoa boksi la chujio la hewa. Kushoto unatoa betri na tangi la maji ya kioo. Kisha koili, moja kwa kila plagi, kisha unaingiza soketi ya milimita 16, unaunganisha kirefusho kidogo, unaunganisha kingine, na kuomba Mungu uzi wa alumini usije ukatoka na plagi. Injini lazima iwe imepoa. Tulianza saa tatu asubuhi, na plagi ya mwisho ilitoka karibu na adhuhuri.

Fundi alizipanga juu ya kipande cha boksi kwa namba za silinda zake, akaandika kwa chaki: 1, 2, 3, 4. Moja, mbili na tatu zilifanana. Platinamu, zilezile za kitabu, ncha zimelika na mapengo yamepanuka, lakini kauri yake ilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, kama biskuti. Hiyo ndiyo rangi unayoitaka. Ina maana mafuta na hewa vinakutana kwa kipimo na plagi inafanya kazi katika joto lake.

Namba nne ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa majimaji. Fundi aliigeuza juani. Alinionyesha kwamba oili ingekuwa nje tu, kwenye kauri ya juu na kwenye mpira wa koili, tungelaumu gasketi ya kava la valvu, kazi ya nusu siku na hela kidogo. Lakini huku juu palikuwa pakavu. Oili ilikuwa kwenye ncha na kwenye uzi. Ilikuwa inatoka ndani.

"Halafu," akasema, "huyu siyo ndugu yao."

Nikaangalia. Plagi ya nne ilikuwa BKR6E, ya nikeli, ya bei rahisi. Na ncha yake ilikuwa na kona kali bado, haijalika. Zile tatu zilikuwa za miaka. Hii haikuwa na muda mrefu.

Nilikumbuka kitu, nikaenda kufungua buti. Chini ya tairi la akiba kulikuwa na galoni ya oili iliyobaki robo, boksi spana, na kibegi cha plastiki chenye plagi tano za BKR6E. Nne zilikuwa nyeusi, zimetumika. Moja ilikuwa mpya kwenye boksi lake. Kila Ijumaa jioni, kwa miaka minne, kaka yangu alikuwa akifungua boneti na kuchomoa dipstiki, anaifuta kwa kitambaa, anaichomeka, anaichomoa tena. Mama alikuwa akimtania kwamba hata mke hatatazamwa hivyo. Nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa, lakini pia alikuwa anaongeza oili.

Fundi alileta geji ya kompresheni. Unaifunga pale plagi inapokaa, unazungusha injini kwa stata, unasoma shinikizo. Silinda ya kwanza ilitoa 150, ya pili 148, ya tatu 152. Ya nne ikatoa 118. Akamimina oili kidogo sana ndani ya silinda hiyo, kijiko hivi, tukapima tena: 140. Oili ikiingia na shinikizo likapanda, maana yake oili imeziba mahali ambapo ringi za pistoni zilipaswa kuziba zenyewe. Ingekuwa valvu, namba isingepanda hivyo.

"Ringi," nikasema.

"Ringi," akasema. "Injini ishuke, ifunguliwe. Milioni mbili na nusu, tatu, kama hatukuti jingine. Na kwenye injini ya umri huu tutakuta jingine."

Hapo ndipo swali la plagi lilipoanza kuwa swali la kweli, maana sasa nilikuwa najua ninamnunulia nani.

Ushauri haukukosekana. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri Forester yake alisema Subaru yenye tabo inawekwa namba saba, ya baridi, kila mtu anajua. Kwa NGK namba inapokuwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka kwenda kwenye kichwa cha injini. (Kwa Bosch ni kinyume chake, jambo ninaloliona kama uchokozi tu.) Plagi inatakiwa ipate moto wa kutosha, nyuzi 450 hivi, ili iunguze masizi yanayoigandia, lakini isipite 850 au karibu na hapo, la sivyo inageuka kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya cheche. Kijana alikuwa sahihi kwa gari lake, ambalo lilikuwa limeongezewa msukumo wa tabo na linakwenda mbio usiku. La kwetu linakwenda chuo na kurudi, saa nzima kwenye foleni ya Ubungo. Ukiweka ya baridi kwenye injini inayokula oili na inayotembea taratibu, utaizamisha kwenye masizi wiki ya kwanza.

Dalali naye alipiga simu, na ushauri wake ulikuwa wa kitaalamu zaidi kuliko nilivyotarajia. "Mwambie fundi, hizo tatu aweke sita. Ile inayolowa aweke tano."

Ya moto zaidi. Ingeiunguza oili ile na kubaki safi muda mrefu, pengine miezi. Nilimwangalia fundi, ambaye alikuwa amesikia kwenye spika.

"Itafanya kazi," akasema. "Mpaka siku mtu atakapoikanyaga kwelikweli. Tabo ikijaza hewa, ncha ikiwa imeiva sana, mafuta yanawaka kabla ya wakati na pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Hapo huongei tena habari ya ringi."

Platinamu ya 45,000 ndiyo iliyotajwa kwenye kitabu, na kwa injini nzima ningeinunua bila kubishana hata kama gari limetembea kilomita laki mbili na nusu. Umri wa injini peke yake haubadilishi plagi inayohitaji. Lakini kununua plagi ya kilomita laki moja kwa silinda inayoilowesha ndani ya mwezi ni kumvalisha mtu suti mpya akiwa ndani ya mtaro. Nikeli inawasha vizuri tu. Kinachoisumbua ni uhai mfupi, na hapa uhai ulikuwa mfupi kwa vyovyote vile. Kaka alikuwa ameshafanya hesabu hii kabla yangu, miaka mingi, kimyakimya, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Nilinunua BKR6E tatu kwa 12,000 kila moja, kutoka duka lile la kwanza, na ya nne nikaitoa kwenye kibegi cha kaka. Kabla ya kumpa fundi nilizipima pengo mwenyewe kwa fila, 0.75 zote. Hewa iliyoshindiliwa na tabo ni ngumu kwa cheche kuipenya, pengo likiwa pana cheche inazimwa kama kibiriti kwenye upepo. Tulizifunga kwa mkono mpaka zikagota, kisha nusu mzunguko na kidogo juu yake ili gasketi ilale.

Nikawasha.

Sijui nielezeje. Mtikisiko haukuwepo. Kioo cha kati kilitulia, nikajiona usoni kwa mara ya kwanza tangu kaka aondoke. Nililitoa barabarani, nikakata kuelekea Barabara ya Mandela, na pale lami ilipokuwa wazi nikashusha gia hadi ya tatu nikakanyaga. Mshale ulipopita 3,000 tabo ikaamka, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na Ngurumo akanguruma kwa namna ambayo hata mwenye bajaji niliyempita aliinua kidole gumba. Nilielewa kwa nini kaka alikubali kulilisha oili miaka minne. Nilicheka peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu. Moshi wa bluu haukuonekana nyuma.

Nilipolirudisha, fundi alikuwa ananawa mikono.

"Itakaa hivi muda gani?"

"Wiki tatu. Ukiendesha kidogo, mwezi."

Jumamosi ilikuwa siku ya nne.

Sasa, kuna makala ya George Akerlof ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Nimeyafundisha makala hayo mwenyewe, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwenye vipindi vya mazoezi ninavyolipwa kwa saa. Wamarekani gari bovu wanaliita limau. Mimi darasani husema mkweche, na darasa linaamka. Muuzaji anaujua ugonjwa wa gari, mnunuzi haujui. Kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wastani, mwenye gari zima anaona anaonewa na kuondoka sokoni, wanabaki wenye mikweche. Majarida matatu yaliyakataa makala hayo kabla hayajachapishwa, na mwaka 2001 Akerlof akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Nimelisimulia hilo mara nyingi kama hadithi ya kuwapa moyo watafiti. Usiku wa Ijumaa ile nilikaa kitandani nikitafuta katika makala hayo sehemu inayosema muuzaji afanye nini kama anadaiwa ada. Haimo.

Nilimwandikia kaka kwamba fundi amepima kompresheni. Alisoma, alama mbili zikawa bluu, akanyamaza karibu saa nzima. Kisha akaandika: "Kesho usiongee sana. Mwache dalali aongee."

Mteja alikuja saa nne na mkewe, na mtoto mchanga amefungwa kwa khanga mgongoni mwa mama yake. Nilitegemea kijana wa mjini mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Huyu alikuwa mtu wa ofisi, mpole, kwa uchangamfu wake ungejua ni gari lake la kwanza. Alizungusha kiganja juu ya boneti bila kuligusa sawasawa. Aliwasha, akasikiliza, akatabasamu. Dalali alimwambia apige resi, akapiga; nyuma hakukuonekana kitu. Hakuja na fundi. Niliomboleza moyoni kwamba hakuja na fundi, kwa sababu angekuja na fundi ningeweza kunyamaza na bado siri ikatoka.

Akauliza swali moja tu. Amehamishiwa Mbeya, kazi inaanza wiki ijayo. "Naweza kuondoka nalo Jumatatu?"

"Hata Zambia," dalali akasema.

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Katikati kuna mlima Kitonga, na mlimani malori yanatambaa, na mtu mwenye tabo akipata mwanya wa kuyapita hukanyaga mpaka mwisho. Nilimuona mle ndani, mkewe pembeni, mtoto nyuma, silinda ya nne ikiwa na paundi 118.

Nilifungua buti. Nilikuwa nimezitunza zile plagi nne kwenye mfuko wa karanga, na namba zake nimeziandika kwa kalamu ya rangi. Nilizipanga juu ya boneti kama fundi alivyozipanga juu ya boksi. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikiruka kutoka kwenye ringi kwenda kwenye gasketi na kurudi, nikataja namba za kompresheni kama mtu anayetetea tasnifu. Nikasema plagi mpya zinaficha tu, na zitaficha wiki tatu.

Mteja aliiokota namba nne, akainusa, akaifuta kidole kwenye kitambaa chake. Mkewe ndiye aliyeuliza, "Kuitengeneza ni shilingi ngapi?" Nikamwambia. Wakatazamana.

"Asante, dada," mwanamume akasema, na akairudisha plagi mahali pake, kwenye nafasi ya nne, kwa uangalifu. Waliondoka kwa miguu kuelekea kituoni. Yule mtoto alikuwa ameamka, ananiangalia kutoka mgongoni mpaka walipokata kona.

Dalali hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililoniuma. Alivaa kofia yake ya pikipiki, akafunga mkanda chini ya kidevu, akasema, "Sista, wewe soma. Biashara tuachie wenye njaa."

Nilitaka kumjibu kwamba na mimi nina njaa, ila haikuwa kweli kabisa. Mwenye njaa alikuwa Muscat. Gari halikuwa langu. Nilikuwa nimesema ukweli kwa hela za mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa juu ya paa la jengo fulani, kwenye joto la huko, akifunga kiyoyozi.

Nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu wa dakika sita. Hakujibu siku hiyo, wala ya pili. Jibu lake lilinikuta ndani ya daladala siku ya tatu, sekunde kumi na moja tu, nikalisikiliza simu ikiwa imebanwa sikioni kwa sababu ya muziki wa dereva.

"Mimi nilipolinunua lilikuwa na plagi mpya. Mpya kabisa, zinang'aa. Mbona mimi hakuna aliyeniambia?"

Nilirudia kulisikiliza mara nyingi. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, kana kwamba huenda mimi, kwa kuwa ndiye niliyefika chuo kikuu, najua. Sijamjibu swali hilo mpaka leo. Tunaongea mambo mengine.

Ngurumo lilinunuliwa na mtu wa Ilala ambaye ana injini nyingine kama ile, nzima, iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Alitaka bodi, gia na makaratasi. Nilimwonyesha plagi hata hivyo, na hakuzitazama. Milioni sita na laki mbili. Nilitoa ada yangu, milioni tatu na laki nane zikaenda kwa kaka. Kwenye deni ikabaki milioni moja na laki saba, ambayo kwa hesabu yake ni miezi mitano mingine Muscat. Nimemwambia fedha za kusimamia mitihani nitamtumia yeye. Amesema nijinunulie viatu.

Aliyekuja kulichukua alikuwa kijana wake, mwenye haraka. Nilimpa ufunguo, na ile boksi spana, na robo galoni ya oili. Mama alitoka nje kuliaga, akashika kiuno mlangoni. Kijana akawasha, akasubiri geti lifunguliwe, na nikiwa nimeshika komeo nikaisikia: kwanza ndogo, mara moja, halafu tena, kioo cha kati kikaanza kucheza. Ilikuwa siku ya kumi na tisa.